Habari za Usukani Mwepesi

Leo tutasoma habari za usukani wa motokaa. Labda huna motokaa. Lakini bila shaka umepata kupanda pikapu, na siku hiyo maisha yako yalikuwa mikononi mwa dereva. Basi habari hii yakuhusu.

Zamani kuendesha gari zito ilikuwa kazi ya misuli. Dereva alipotaka kugeuza lori lililosimama, alishika usukani kwa mikono miwili, akajikaza mpaka jasho likamtoka. Gurudumu likiingia shimoni, usukani ulimpiga mikono.

Huko Marekani alikuwako mhandisi jina lake Francis Davis. Alifanya kazi katika kampuni ya Pierce-Arrow, iliyounda motokaa na malori, akaiona taabu ya madereva. Akaacha kazi, akafungua karakana yake. Shauri lake lilikuwa hili: injini izungushe pampu, pampu isukume oili, na oili imsaidie dereva. Akatengeneza vali ya ajabu. Gari likienda sawasawa, vali huiacha oili ipite bila kuzuiwa. Dereva akianza kugeuza usukani, vali huibana oili, nayo husukuma upande ule autakao dereva.

Mwaka 1926 Davis alikionyesha chombo chake ndani ya motokaa. Kampuni ya General Motors ikafanya naye mapatano, lakini mwaka 1934 ikayavunja, kwa kuwa gharama ilikuwa kubwa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, magari mazito ya vita yakatiwa usukani wa namna hiyo. Mwisho, mwaka 1951, kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza motokaa iitwayo Imperial yenye usukani mwepesi. Hesabu mwenyewe: tangu 1926 hata 1951 ni miaka 25. Wakati huo haki za uvumbuzi wa kwanza wa Davis zilikuwa zimekwisha muda wake.

Lakini pikapu nyingi za miaka ile ziliuzwa na usukani mzito. Siku hizi wako watu Marekani wanaozipenda sana pikapu za zamani, kama Ford F-100 ya miaka ya 1950. Huzitengeneza, kisha huona usukani ni mzito. Wafanyeje? Hutafuta vifaa katika gari jingine. Wengine huchukua boksi la stelingi la pikapu ya Toyota ya miaka ya 1980, huliundia kishikizo cha chuma, na kulifunga katika chesisi ya Ford.

Je, kila boksi laweza kuingia kila gari? La, hasha! Sikiliza sababu nne.

Kwanza, mkono unaotoka chini ya boksi hushikwa kwa meno. Meno ya mkono na meno ya boksi yasipolingana, mkono hautashika.

Pili, upande wa kugeukia. Boksi likifungwa kinyume, dereva atageuza kulia na magurudumu yatakwenda kushoto!

Tatu, mipira ya oili. Takriban mwaka 1980 General Motors walibadili viungio vya mipira hiyo. Vya zamani hukazwa chuma kwa chuma, vya baadaye huziba kwa pete ya mpira. Fundi akivilazimisha, oili huvuja.

Nne, pampu. Pampu ikileta oili kidogo, usukani huwa mzito. Ikileta nyingi kupita kiasi, usukani huwa mwepesi mno, na gari huyumba barabarani kwa kuguswa tu.

Nasi wa Kenya na Tanzania tuna jambo la tano. Huku tunaendesha upande wa kushoto, na usukani u upande wa kulia. Huko Marekani ni kinyume. Boksi la gari la Marekani laweza kuwa zuri, lakini halikuundwa kwa upande wetu.

Kumbuka, ndugu msomaji: redio ikiharibika ndani ya gari, utasafiri kimya. Usukani ukikatika mteremkoni, husafiri tena. Kwa hiyo usikubali fundi akuambie, “Kinafanana, kitafaa.” Mwulize: Kimetoka gari gani? La mwaka gani? Meno yake umeyahesabu? Umekwisha kugeuza magurudumu mpaka mwisho, kulia na kushoto, kabla ya kutoka karakana? Kuuliza si ujinga. Na wewe sasa wajua kusoma: namba iliyopigwa juu ya chuma, isome mwenyewe.

Maswali
1. Davis alitaka injini ifanye kazi gani?
2. Kwa nini mapatano ya 1926 yalivunjwa?
3. Taja mambo mawili ya kutazama kabla ya kununua boksi la stelingi.

Kwaherini mpaka somo lijalo.