Sojourner: roboti iliyopotea kwa kukosa rezo

Mkaaji wa Kinshasa akisikia neno roboti, anawaza kwanza zile mashini ndefu za chuma zilizoanza kuongoza magari kwenye njia panda mwaka 2013, kazi ya injenieri Mkongomani, mama Thérèse Izay Kirongozi. Mashini hizo zinasimama mahali pamoja, na antene inakaa pale ilipofungwa. Roboti inayotembea ina shida ingine. Kila hatua inabadilisha njia ya mawimbi. Jiwe moja linaweza kukata mawasiliano, na mwenye kuiongoza hawezi kuikimbilia.

Shida hiyo ilionekana wazi tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 1997. Kwa Wakongomani, ilikuwa hata miezi miwili haijatimia tangu AFDL kuingia Kinshasa, na masikio ya watu kwenye redio yalikuwa kwa mambo mengine. Siku hiyo chombo cha Marekani kiitwacho Pathfinder kilitua juu ya sayari ya Mars, katika bonde la Ares Vallis. Ndani yake mlikuwa roboti ndogo ya magurudumu sita, uzito wa kilo 10 na kitu, urefu wa sentimeta 63. Jina lake, Sojourner, lilichaguliwa na msichana wa miaka 12 katika mashindano ya wanafunzi, kwa kumkumbuka Sojourner Truth, mwanamke mweusi aliyepigania uhuru wa watumwa huko Marekani.

Sojourner haikuwa na nguvu ya kuongea na dunia yenyewe. Sahani yake ya jua ilitoa wati 16 hivi wakati wa jua kali, kiasi kisichotosha kutuma sauti mbali namna hiyo. Basi mainjenieri wa kituo cha JPL, California, waliiwekea rezo ya hatua mbili. Roboti iliongea na chombo mama kwa modemu ya redio, na chombo mama kikapeleka habari duniani. Modemu hizo hazikuundwa kwa ajili ya anga. Zilikuwa za kawaida, za kampuni Motorola, zikarekebishwa ili zivumilie safari. Ziliweza kupitisha biti 9.600 kwa sekunde, kidogo sana ukilinganisha na simu ya leo.

Siku ya kwanza tu, rezo ilisumbua. Chombo mama kilisikika duniani vizuri, lakini mawasiliano kati yake na roboti yalikatikakatika. Kumtuma fundi hakukuwezekana. Hata neno moja kutoka California lilichukua zaidi ya dakika kumi kufika Mars, na jibu muda kama huo tena. Siku ya pili, baada ya vyombo kuzimwa na kuwashwa upya, modemu zikasikilizana, na roboti ikateremka chini.

Adui mwingine alikuwa baridi. Modemu ya redio ikipoa, mawimbi yake yanahama kidogo kutoka mahali pake. Modemu moja ikiwa na baridi na nyingine ina joto, haziko tena mahali pamoja, kama msikilizaji ambaye kifungo cha redio yake kimesogea. Ndiyo sababu modemu ya roboti ilibidi kupashwa moto kabla ya kuongea.

Kisha, siku chache baadaye, kompyuta ya chombo mama ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, na kila mara sehemu ya kazi ya siku ikapotea. Mainjenieri walichukua kompyuta pacha iliyobaki duniani, wakaifanyisha kazi ileile mpaka nayo ikajizima. Hapo wakaona chanzo. Fikiria studio yenye ufunguo mmoja. Kijana wa kazi ndogo ameushika. Mkubwa anaungojea. Katikati anaingia mtu wa cheo cha kati, anamshikilia yule kijana kwa maneno mengi, na mkubwa anabaki mlangoni. Mlinzi akiona kazi ya mkubwa haijafanyika kwa saa yake, anafunga nyumba yote na kuanza upya. Programu ya Pathfinder ilifanya hivyo hivyo. Dawa ilikuwa kuamuru kwamba mwenye ufunguo apewe cheo cha mkubwa kwa muda, amalize upesi na aachilie. Amri hiyo ilitumwa kutoka duniani, na ugonjwa ukaisha.

Sojourner ilitayarishwa kwa siku 7. Ilitumika zaidi ya siku 80. Ilitembea mita 100 hivi kwa jumla, lakini haikwenda zaidi ya mita 12 kutoka kwa chombo mama. Hapo ndipo udhaifu wake ulipokuwa. Batri ya chombo mama ilichoka kabla ya roboti. Tarehe 27 mwezi wa 9 ndiyo mara ya mwisho habari kamili zilifika. Roboti yenyewe, kwa kadiri ilivyojulikana, ilikuwa bado nzima. Ilikuwa imepewa maagizo kwamba ikikosa sauti kwa siku kadhaa, irudi karibu na chombo mama na kukizunguka. Kama ilifanya hivyo, hakuna aliyeona. Mwaka 1998, mwezi wa 3, walijaribu kuita mara ya mwisho. Kimya.

Roboti mbili zilizofuata mwaka 2004, Spirit na Opportunity, zilipewa njia zaidi ya moja: antene za kuongea na dunia moja kwa moja, na redio ya kupitia vyombo vinavyozunguka Mars. Mwezi wa kwanza wa mwaka huo, Spirit ilinyamaza kwa sababu kumbukumbu yake ilijaa mafaili, ikawa inajiwasha na kujizima bila kupumzika. Lakini ilibaki na mlango wa kusikia. Iliamriwa iamke bila kugusa kumbukumbu ile, ikapona, ikatumika mpaka mwaka 2010.

Magurudumu ya Sojourner hayakuvunjika mbele ya mtu yeyote. Kilichokufa ni jirani yake, aliyekuwa mdomo wake wa pekee.