Kibra: Kiti kilichotoka Lang'ata na wabunge waliokikalia

Eneobunge la Kibra, Nairobi, limekuwepo tangu uchaguzi wa 2013 pekee. Kabla ya hapo wakazi wake walipiga kura kama sehemu ya Lang'ata, eneobunge moja lililochanganya vibanda vya mabati vya Kibera na majumba ya kifahari ya Karen. Mabanda yalitoa kura, jina la kiti likabaki la mtaa mwingine.

Wadi zake ni tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course.

Jina lenyewe lina historia. Kibra ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi ni wazao wa wanajeshi wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la mkoloni, King's African Rifles, na kuruhusiwa kuishi hapo bila kupewa hati ya ardhi. Wengi mjini wakazoea kusema Kibera. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipochora mipaka mipya 2012, ilitumia jina la Wanubi.

Enzi ya chama kimoja

Mnubi aliyewahi kuwa mbunge wa huko ni mmoja tu, Yunis Ali, aliyewakilisha Lang'ata kuanzia 1969. Mwaka wa 1974 kiti kilimwendea Mwangi Mathai, mumewe Wangari Maathai.

Kampeni ya Mathai iliacha alama ambayo wengi hawaijui. Aliwaahidi wapiga kura kazi. Wangari alisimulia baadaye kwamba alipomuuliza mumewe ahadi hiyo itatimizwa vipi, alijibiwa kuwa hayo yalikuwa maneno ya kampeni tu. Yeye hakuridhika. Akaanzisha kampuni ndogo ya kupanda miti, Envirocare, ili watu wa Lang'ata wapate vibarua. Kampuni haikudumu, lakini wazo lilibaki, na 1977 likazaa vuguvugu la Green Belt, lililompatia Tuzo ya Nobel ya Amani 2004. Wangari mwenyewe aliingia bungeni 2002, ila kupitia Tetu, kwao Nyeri.

Mwaka wa 1979 Lang'ata ilimchagua Philip Leakey, ndugu yake mwanasayansi Richard Leakey. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuchaguliwa mbunge baada ya uhuru, na alikaa hadi mfumo wa vyama vingi uliporudi.

Miaka 20 ya Raila

Raila Odinga alichukua kiti hicho 1992 kwa tiketi ya FORD-Kenya. Alipohamia NDP alilazimika kurudi kwa wapiga kura katika uchaguzi mdogo wa 1997, wakamrudisha. Akashinda tena mwishoni mwa mwaka huohuo, 2002 akiwa na NARC, na 2007 akiwa na ODM. Vyama vilibadilika, wapiga kura wakabaki naye.

Kura hizo zilikuwa na gharama yake mtaani. Mwishoni mwa 2001 Rais Moi na Raila, wakati huo waziri katika serikali yake, walisema kodi ya nyumba Kibera iko juu na ishushwe. Wapangaji wakagoma kulipa, wenye nyumba, wengi wao Wanubi, wakakataa kushusha, na ghasia zikazuka. Watu walikufa. Wapangaji ndio wengi, kwa hivyo ndio wenye kura. Mwanasiasa anayetaka kiti hapo anaijua hesabu hiyo.

Uchaguzi wa 2007 ulikuwa wa presha zaidi. Katiba ya wakati huo ilidai rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Stanley Livondo wa PNU akajitosa Lang'ata, na kama angembwaga Raila, basi hata ushindi wa urais usingemfaa Raila kitu. Raila alikishika kiti, lakini vurugu za baada ya matokeo ya urais ziliivuruga Kibera hadi vijana wakang'oa reli.

Kwa nini mgawanyo ulikuwa muhimu

Idadi ya maeneobunge nchini ilipanda kutoka 210 hadi 290, na ya Nairobi kutoka 8 hadi 17. Kwa Kibra hiyo ilikuwa pesa, si ramani tu. Sheria ya CDF ya 2003 iligawa robo tatu ya fedha za mgao wa maeneobunge sawasawa, bila kujali ukubwa. Lang'ata nzima, Karen hadi Laini Saba, ilihesabika moja. Ilipokatwa mara mbili, Kibra ikapata fungu lake.

Ken Okoth wa ODM, mzaliwa wa Kibera aliyesomea Starehe Boys kwa ufadhili na baadaye Marekani, ndiye aliyekuwa mbunge wa kwanza. Alijulikana zaidi kwa kujenga shule na kulipia wanafunzi karo. Alichaguliwa tena 2017, akatangaza mapema 2019 kwamba anaugua saratani, na akafariki Julai 26 mwaka huo akiwa na umri wa miaka 41.

Lang'ata iliyobaki nayo ilionyesha kilichokuwa kikiishikilia. ODM ilishinda 2013, lakini 2017 kiti kikaenda kwa Nixon Korir wa Jubilee. Bila kura za Kibra, ngome haikuwa ngome tena. ODM ilikirudisha 2022 kupitia mchekeshaji na mtangazaji Phelix Odiwuor, Jalang'o.

Uchaguzi mdogo wa kumrithi Okoth, Novemba 7, 2019, ulivutia wawaniaji 24. Jubilee ilimleta mwanasoka McDonald Mariga, ambaye kwanza alizuiwa kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye daftari la wapiga kura. Rais Uhuru Kenyatta, licha ya salamu zake na Raila, alimvisha kofia ya chama Ikulu. Haikutosha. Imran Okoth, ndugu ya marehemu, alipata kura 24,636, Mariga 11,230, na Eliud Owalo wa ANC 5,275. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 118,000, kwa hivyo kelele zote zile ziliwatoa nyumbani takriban thuluthi moja tu.

Mwaka wa 2022 kiti kilimwendea Peter Orero, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya upili ya Dagoretti, naye pia kwa tiketi ya ODM. Iwe Lang'ata au Kibra, hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia kiti hicho.