Kahawa ya Kivu: namna ya kuipika vizuri nyumbani

Ukipita asubuhi kwenye nyumba za walimaji wa kahawa, upande wa Minova na Kalehe ao kule kisiwani Idjwi, utakuta jambo la kushangaza. Mutu ana miti ya arabika nyuma ya nyumba, lakini mezani kuna kopo ya kahawa ya kuyeyuka yenye kutoka mbali, ao chai tu. Ukimuuliza, atakujibu: "Ile ya shamba ni ya kuuzisha. Na tena iko chungu sana."

Neno la kwanza tunalielewa, watoto wanapaswa kusoma. Lakini la pili si kweli. Kahawa yetu haiko chungu hivyo kwa asili yake. Inakuwa chungu juu ya vile tunaikaanga na vile tunaichemsha.

Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, na mashamba ya kahawa yanapanda milima kutoka hapo. Usiku ni baridi, tunda linaiva polepole, mbegu inakuwa ngumu na yenye harufu nzuri. Ndiyo sababu watu wa Ulaya na Marekani wanainunua kupitia kooperative kama SOPACDI, iliyoanza Minova mwaka wa 2003. Mbele ya pale, walimaji wengi walikuwa wanavuka ziwa usiku na pirogue kwenda kuuzisha kahawa yao Rwanda, na wengi walikufa maji. Watu wamekufa juu ya kahawa hii, na sisi wenyewe hatujui ladha yake!

Tuanze na mbegu. Ukiwa na parche, yaani kahawa iliyokauka lakini bado na ganda lake, hakikisha imekauka kweli: ukiiuma, meno yasiingie. Twanga polepole ndani ya kinu ili ganda litoke bila kuvunja mbegu, kisha pepeta. Sasa kaa chini na lungo, uchague. Toa mbegu nyeusi, zenye matundu, zilizovunjika na zenye kuvu. Kazi hii inachosha, lakini ukiiruka, yote yanayofuata ni bure. Mbegu chache mbaya zinatosha kuharibu sufuria nzima.

Kuna tena ubaya mumoja ambao macho hayauoni vizuri: ladha ya kiazi. Sisi wa Kivu tunaijua, na majirani wetu wa Rwanda na Burundi pia. Wenye kuchunguza kahawa wanaihusisha na mududu anayeitwa antestia, anayetoboa tunda likiwa bado kwenye muti. Mbegu inaweza kuonekana nzuri kabisa, lakini ukishaikaanga na kuitwanga, inanuka kama kiazi kibichi kilichotoka kumenywa. Haina hatari kwa afya, inaharibu ladha tu. Dawa ya nyumbani ni kutwanga kidogo kidogo, ya vikombe viwili ao vitatu, na kunusa kila mara. Ukisikia kiazi, mwaga ile kidogo, safisha kinu, endelea na ingine. Mwenye kutwanga kilo nzima mara moja atapoteza kilo nzima.

Sasa kukaanga, na hapa ndipo wengi tunakosea. Tumezoea kukaanga mupaka mbegu ziwe nyeusi kama makala na kutoa mafuta, juu tunafikiri kahawa nyeusi ndiyo yenye nguvu. Hapana. Ile uchungu ni ya kuungua tu. Tumia chombo kizito cha chuma, maana sufuria nyembamba ya aluminium inaunguza upande mumoja na kuacha mwingine mubichi. Weka mbegu kidogo, zisipandane sana, kwa moto wa kiasi kwenye mbabula. Koroga bila kuacha. Simu ikiita, acha iite.

Mbegu zitatoka kijani kwenda manjano na kunuka kama majani makavu, halafu kama mukate. Kisha rangi ya kahawia inakuja na utasikia zinapasuka, "pa, pa", kama mahindi ya bisi lakini kwa sauti ya chini. Kwa kawaida ni kati ya dakika 10 na 15. Mulio huo ukianza, usiende mbali. Ngojea dakika moja ao mbili, rangi iwe kahawia sawasawa, kisha toa kwenye moto upesi na umwage juu ya lungo. Pepeta ili maganda mepesi yaruke na mbegu zipoe haraka. Ukiziacha ndani ya chombo cha moto, zinaendelea kuungua zenyewe. Usishangae ukipima: kilo moja ya mbegu mbichi inarudi karibu gramu 850, mara ingine chini ya hapo, juu maji yametoka.

Usiinywe saa ileile. Iache ilale usiku moja. Iweke kwenye kopo lenye kufunga vizuri, mbali na jua, mbali na sambaza, kitunguu na petroli, maana kahawa inavuta kila harufu. Ikiwa mbegu nzima, inakaa wiki mbili tatu bado nzuri. Ikishatwangwa, harufu inakimbia kwa siku chache tu.

Maji nayo yana neno. Yale yenye kutiwa dawa ya klore ni salama, msiache kuyatumia, lakini harufu yake inaingia kwenye kahawa. Yachemshe sufuria ikiwa wazi kwa dakika kadhaa, harufu itapungua. Vitabu vya wazungu vinasema ngojea maji yapoe kidogo mbele ya kumimina, juu kwao yanachemka kwa digrii 100. Kwetu Bukavu na Goma, juu ya urefu wa inchi, maji yanachemka karibu digrii 95, kiasi kinachofaa kahawa. Basi mimina mara moja.

Kipimo: vijiko viwili vya supu vya unga kwa kikombe cha kawaida. Kama ni robusta, ile yenye asili ya misitu ya Kongo yetu, punguza, juu iko kali zaidi. Weka unga kwenye birika, mimina maji, koroga, funika. Ngojea dakika nne. Koroga tena kidogo, acha unga ushuke, kisha chuja na kitambaa safi cha pamba. Kitambaa hicho usikifue na sabuni. Kioshe na maji ya moto tu. Na msichemshe unga pamoja na maji robo saa kama sombe! Wala kuiacha ndani ya termos tangu asubuhi mupaka jioni.

Onja kwanza bila sukari, hata kama ni mara moja tu. Inapaswa kuwa na uchachu kidogo kama wa tunda, na utamu nyuma.

Kwa mulimaji, kuna jaribio moja la kufanya muvuno ukifika. Kausha gramu mia mbili za matunda mekundu peke yake, na gramu mia mbili zenye kuchanganya mekundu na mabichi. Kaanga kila moja kivyake, kwa moto uleule na muda uleule, kisha ita bibi, watoto na jirani waonje bila kuambiwa ipi ni ipi. Siku mununuzi atakapokataa mufuko wako kwenye mizani, utajua kama anasema kweli ao anatafuta kukupunguzia bei.