Kilicho Kati ya Mfupa na Mfupa: Historia ya Uainishaji wa Viungo

Vitabu vya anatomia vya leo huainisha viungo vya mifupa, yaani mahali mfupa mmoja unapokutana na mwingine, kwa njia mbili: ya kwanza hutazama kiasi cha mwendo, na ya pili hutazama tishu iliyopo kati ya mifupa hiyo. Mara nyingi njia hizi hufundishwa kana kwamba ni pacha, ilhali zimetenganishwa na zaidi ya miaka 1,500, na kila moja ilizaliwa na haja yake.

Kongwe ni ile ya mwendo. Matabibu wa Ugiriki ambao maandishi yao yanahusishwa na jina la Hippocrates walishughulika na viungo kwa sababu ya watu walioteguka, hasa bega, na waliacha maelezo marefu ya namna ya kulirudisha mahali pake. Aliyeugeuza ujuzi huo kuwa mfumo ni Galen, mzaliwa wa Pergamon katika karne ya 2, aliyewatibu wapiganaji wa viwanja vya michezo kabla ya kuhamia Roma. Katika kitabu chake cha mifupa kwa wanaoanza masomo, alitenga diathrosi, ambavyo ni viungo vyenye mwendo ulio dhahiri, na sinathrosi, ambavyo havisogei au husogea kidogo mno. Katika diathrosi aliweka kichwa cha mfupa kilichozama katika shimo refu, kama kwenye nyonga; kichwa kilichokaa katika shimo la kina kifupi; na kiungo kinachokunja na kukunjua kama bawaba, ambacho mfano wake ni kiwiko. Katika sinathrosi aliweka mishono ya fuvu, meno yaliyokita katika matundu ya taya, na mifupa iliyokutana kwa mstari ulionyooka.

Mpango huo ulidumu kwa kuwa ulimfaa mganga aliyetaka kujua mkono au mguu unapaswa kusogea wapi. Udhaifu wake ulitokana na maiti zilizochunguzwa, kwani Galen alipasua zaidi nyani na wanyama wengine, na akafundisha kwamba taya la chini la binadamu ni mifupa miwili iliyounganishwa kidevuni. Wakati wa njaa kuu iliyoikumba Misri kuanzia mwaka 1200, tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi alikwenda kwenye rundo la mifupa ya watu huko al-Maqs, karibu na Cairo, akakagua taya moja baada ya jingine bila kuona mshono wala kiungo chochote, na akaandika wazi kwamba ushahidi wa macho unastahili kuaminiwa kuliko neno la Galen. Ujasiri huo haujapewa heshima unayostahili katika vitabu vingi, ambavyo huanzia masahihisho kwa mwanaanatomia Vesalius mwaka 1543. Ukweli wenyewe una pande mbili: mtoto mchanga huzaliwa na nusu mbili za taya, lakini huungana na kuwa mfupa mmoja katika mwaka wake wa kwanza hivi, ilhali kwa mbwa hubaki zimetengana.

Njia ya pili ilitokana na maradhi. Mwaka 1691 Mwingereza Clopton Havers alieleza vifundo laini ndani ya viungo, akiviona kuwa tezi zinazotoa ute wa kulainisha. Mwaka 1743 William Hunter alichapisha utafiti kuhusu gegedu, tishu ngumu na nyororo inayofunika ncha za mifupa, akaonyesha kwamba nyuzi zake husimama wima juu ya mfupa, na akasisitiza kwamba gegedu ikishaharibika haiponi. Kisha Xavier Bichat, katika kitabu chake cha utando kilichotoka Paris karibu na mwaka 1800, alikataa hoja ya tezi: ute hutoka kwenye utando mwembamba unaozunguka nafasi ya kiungo, ambao aliuita utando wa sinovia. Kuanzia hapo ilieleweka kwamba maradhi hufuata tishu. Baridi yabisi inayoanzia kwenye utando huo hushambulia kifundo cha mkono na goti vilevile, ingawa miendo ya viungo hivyo haifanani.

Ndiyo maana istilahi za kimataifa zilizochapishwa mwaka 1998 zinavipanga viungo kwa tishu: vya nyuzi, vya gegedu, na vya sinovia. Mwendo umebaki kama kigezo cha kugawia viungo vya sinovia, na hapo majina ya Galen bado yanatumika. Njia hizo mbili hugongana waziwazi katika kiungo cha sakramu (mfupa ulio chini ya uti wa mgongo) na mfupa wa nyonga, ambacho mbele yake kina nafasi, ute na utando, nyuma yake kimefungwa kwa kano nene, na mwendo wake wote ni wa digrii chache tu, zinazozidi kupungua kadiri mtu anavyozeeka.