Mkokoteni wa punda
Mkokoteni wa punda ni chombo cha magurudumu mawili, aghalabu chenye ekseli na matairi ya gari kuukuu, kinachobeba maji, mchanga na mazao katika sehemu nyingi za Kenya. Nira ya ng'ombe haimfai punda, kwani hana nundu ya kuizuia. Huvuta kwa mkanda mpana wa kifuani, unaokaa chini ya koromeo na juu ya kiungo cha bega. Kamba tupu ya nailoni humchuna ngozi. Mkanda wa nyuma ya mapaja ndio breki mteremkoni. Waendeshaji wengi huuacha, jambo la hatari, maana mkokoteni humgonga punda miguuni akatimka. Mzigo husawazishwa juu ya ekseli. Wakati wa kufungua, mkokoteni hutangulia kuondolewa, hatamu mwisho.