Verckys na domo la bata: saksafoni ya Kongo iliyosikika hadi Kabalo

Kabalo ni mji wa njia panda katika Katanga ya zamani, nchini Kongo. Kutoka hapo, ukingoni mwa mto Lualaba, Wabelgiji walitandika reli ya kuelekea mashariki, nayo ikafika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto. Baadaye mji ukaunganishwa na Kongolo na Kindu upande wa kaskazini, na katika miaka ya 1950 ukapata njia ya kwenda Kamina, ambako treni huendelea hadi Lubumbashi. Reli ikiishia Kalemie, ng'ambo ya ziwa kuna Kigoma, na Kigoma ilikuwa na reli yake ya kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 1914.

Mji wa namna hiyo hauhitaji kuwa na bendi maarufu ndipo ujue muziki. Muziki unaupitia. Swali ni muziki upi, na kwa Katanga ya zamani jibu ni rahisi: gitaa kavu. Huku ndiko alikotoka Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga "Masanga", na ndiko alikotoka Edouard Masengo, aliyehamia Nairobi na kupata jina huko. Waliimba Kiswahili, tena wakijitosheleza kwa vidole na nyuzi sita. Chombo cha kupuliza kilikuwa cha askari, cha shule za misheni na cha ngoma ya beni iliyopanda kutoka pwani ya Kenya hadi migodini. Saksafoni ya dansi ilikuja Katanga kwa redio na santuri kutoka Léopoldville, mji ambao leo tunauita Kinshasa.

Hapa historia ina mzaha wake. Aliyebuni saksafoni, Adolphe Sax, alikuwa Mbelgiji, mzaliwa wa Dinant mwaka 1814, na alipata hataza ya chombo chake jijini Paris mwaka 1846. Kwa hiyo reli, injini, bendera na saksafoni, au domo la bata kama wapenzi wa dansi wa Tanzania wanavyoiita, vyote viliingia Kongo vikiwa na asili ya nchi moja. Hata mmoja wa walioonyesha namna ya kulipuliza katika studio za Léopoldville miaka ya 1950 alikuwa Mbelgiji, Fud Candrix, bingwa wa jazi ya Brussels. Ila Wakongo hawakukaa na somo hilo kwa muda mrefu. Jean Serge Essous na Nino Malapet walivuka mto kutoka Brazzaville wakaingiza saksafoni ndani ya rumba. Isaac Musekiwa, mzaliwa wa Rhodesia ya Kusini, alipuliza African Jazz ya Joseph Kabasele kabla ya kuhamia OK Jazz ya Franco, na alikaa na Franco miaka mingi kuliko wapulizaji wengi.

Mwaka 1961 Kabalo ilikuwa na mambo mengine ya kushughulikia. Katanga ilikuwa imejitenga, na mwezi Aprili wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliwakamata papo hapo mjini mamluki wa Tshombe, kiongozi wa Katanga hiyo. Mwaka huohuo, upande wa pili wa nchi, kijana wa Kikameruni aitwaye Manu Dibango alishuka Léopoldville akiwa na saksafoni yake. Kabasele alikuwa amemwokota Brussels. Alikaa Kongo karibu miaka miwili, akafungua na klabu, kisha akarudi kwao. Dunia ilikuja kumjua miaka kumi baadaye kwa "Soul Makossa". Kongo ilikuwa shule yake, na hakuwahi kulificha hilo.

Lakini bwana wa saksafoni ya Kongo, kwa maoni yangu, si Dibango wala si Essous. Ni Georges Kiamuangana Mateta, aliyezaliwa Kisantu, magharibi ya mbali na reli zetu, mwezi Mei 1944.

Alijifunza kupuliza katika bendi ya matarumbeta ya waumini wa Simon Kimbangu. Watu wa Katanga wanalijua jina hilo kwa uchungu wa pekee, maana nabii huyo wa Bas-Congo alifungwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na alifia gerezani humo mwaka 1951 baada ya kifungo cha miaka 30. Kanisa lake halitaki waumini wacheze dansi. Na ndilo lililompa mafunzo mtu ambaye baadaye angewachezesha Wakongo kuliko karibu wapulizaji wengine wote.

Jina lake la jukwaani, Verckys, lina hadithi inayosimuliwa kila anapotajwa. Kijana alimpenda mno mpulizaji wa Marekani, King Curtis, yule ambaye saksafoni yake inasikika katika "Respect" ya Aretha Franklin. Jina la Curtis likasikika vibaya, likapindapinda mdomoni mpaka likawa Verckys. Mtu anayetaka kuelewa mlio wake aanzie hapo. Curtis hakuwa mtu wa jazi laini inayopigwa kwa unyenyekevu kwenye kumbi za hoteli wageni wakinywa kahawa. Alikuwa mtu wa soul, wa sauti nene yenye mikwaruzo, na Verckys alichukua sauti hiyo akaipeleka kwenye rumba.

Aliingia OK Jazz mwaka 1963, akiwa na miaka 19. Pale alimkuta Musekiwa, na wawili hao wakawa wanakaa bega kwa bega jukwaani. Tofauti ilisikika. Katika rumba ya zamani saksafoni ilikuwa ya kujibu: mwimbaji anamaliza mstari, domo la bata linaitikia kwa adabu, linanyamaza. Verckys alikataa kuitikia. Alisubiri sebene, ile sehemu ya wimbo ya magitaa na kucheza, gitaa la Franco likishapata moto, akaingia kama mwimbaji wa pili, akarudia kifungu kimoja mara tatu nne huku akikipandisha, na wachezaji wakapandisha naye. Sikiliza santuri za OK Jazz za kati ya miaka ya 1960 utamtambua bila kuambiwa.

Ndipo ukaja ugomvi. Karibu na mwisho wa miaka ya 1960 Franco alisafiri Ulaya. Verckys akawachukua baadhi ya wanamuziki wa bendi, akaingia nao studio, akarekodi nyimbo kwa jina lake na faida yake. Franco aliporudi, Kinshasa hapakutosha watu wawili ndani ya bendi moja. Mwaka 1969 Verckys akaondoka na kuunda Orchestre Vévé. Nyimbo mpya zikamiminika, nyingine za kuringa na nyingine za fanki kabisa, kama "Bassala Hot", ambayo ni James Brown aliyezaliwa upya mtaa wa Matonge. Baada ya James Brown mwenyewe kuja Kinshasa kwa tamasha la Septemba 1974, lililotangulia ngumi za Ali na Foreman, watu walisema alimwita Verckys kwa lakabu yake mwenyewe, "Mister Dynamite".

Katika Vévé alikuwa na waimbaji watatu moto: Mario Matadidi, Loko "Djeskin" na Bonghat "Sinatra". Hao nao hawakuchelewa. Walimwacha, wakaunda kundi lao, Trio Madjesi, wakawa nyota kwa mavazi na miondoko ya mwili. Mla cha mwenzie na chake huliwa.

Wimbo uliomletea makelele zaidi ya yote ulikuwa "Nakomitunaka" wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Verckys aliuliza humo kwa nini Mungu, malaika na watakatifu wa kwenye picha za kanisani wote ni Wazungu, na mweusi kwenye picha hizo ni shetani. Wakati wenyewe ulikuwa wa Rais Mobutu kuwafutia watu majina ya Kikristo. Georges alilazimika kubaki Kiamuangana Mateta. Serikali ikaona wimbo unaipigia debe siasa yake ya asili, maaskofu wakakasirika. Mimi nadhani swali lile lilitoka mbali zaidi ya siasa za Mobutu, lilitoka kwenye bendi ile ya waumini wa Kimbangu. Mtoto aliyelelewa na kanisa la nabii mweusi hakuhitaji chama kumfundisha kuuliza.

Sehemu ya pili ya maisha yake ni biashara, na hapo ndipo ninapomwona mkubwa kuliko wapulizaji wenzake wote. Wakati wa ukoloni, studio za Léopoldville zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni, Wagiriki wengi wao. Nicolas Jeronimidis alianzisha lebo ya Ngoma mwaka 1948, Papadimitriou akawa na Loningisa, ndugu wa Benatar wakawa na Opika. Mwanamuziki alilipwa kidogo akaenda zake. Santuri iliuzwa mpaka Afrika Magharibi na yeye hakuona chochote. Kabasele alikuwa wa kwanza kujaribu lebo yake. Verckys aliligeuza jaribio hilo kuwa himaya. Alianzisha lebo ya Éditions Vévé, akapata studio, akajenga ukumbi na jengo kubwa la Vévé Centre mwishoni mwa miaka ya 1970, akaongoza chama cha wanamuziki wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, baada ya Franco, na katika miaka ya 1980 akawa na kiwanda cha kuchapa santuri, Izason.

Yeyote aliyewahi kuwa karibu na bendi, iwe Kalemie au Magomeni ya Dar es Salaam, anajua kanuni: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Verckys alinunua magitaa, vikuza sauti na ngoma akawapa vijana. Bella Bella ya ndugu Soki ilirekodi kwake. Zaïko Langa Langa ilirekodi kwake. Lipua Lipua, Kiam na Les Kamale zilipitia mikononi mwake, na sauti ya mwimbaji Nyboma ikatoka huko.

Sasa angalia vijana hao walivyopiga. Magitaa matatu, ngoma, waimbaji. Saksafoni haipo. Zaïko, iliyoanzishwa Desemba 1969, ilikuwa ya watoto wa shule waliolelewa na muziki wa roki, na ikaziacha ala za kupuliza kabisa. Sababu moja ni pesa. Saksafoni ni ghali, ulimi wake wa mwanzi huchakaa na kununuliwa tena na tena, ngozi za vifuniko hulegea kwa unyevu, na mtu huhitaji miaka kabla ya kutoa mlio unaosikilizika. Gitaa kijana anaweza kujifunza kwa kuazima. Sababu ya pili ni kwamba mtindo ulifanikiwa sokoni, na aliyeupeleka sokoni alikuwa mpulizaji saksafoni bora wa nchi. Verckys mfanyabiashara alimfukuza jukwaani Verckys mwanamuziki. Sioni kwamba alikosea. Alisikia vijana wanataka nini kabla ya wenzake, na alilipa gharama yake mwenyewe.

Kinshasa ikabaki na OK Jazz, iliyokuja kuitwa TPOK Jazz, kama moja ya ngome za ala za kupuliza, mpaka Franco alipofariki Oktoba 1989 huko Namur, Ubelgiji, mkoa uleule alikozaliwa Adolphe Sax.

Upande wa mashariki wa ziwa mambo yalikwenda tofauti. Wanamuziki wa Katanga walihamia mashariki mapema: Baba Gaston, mtoto wa Likasi, alifika Dar es Salaam na kisha Nairobi, na mwaka 1976 baadhi ya watu wake wakajitenga kuunda Les Mangelepa. Orchestra Maquis, nayo ya Katanga, iliweka kambi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hawa walikuwa wameondoka Zaire kabla ya Zaïko kushinda, wakabaki na mpangilio wa zamani, gitaa na ala za kupuliza zikizungumza. Mlimani Park ya Dar es Salaam, iliyoanza 1978, ilifuata njia hiyo. Santuri za Vévé zilichapwa upya Nairobi, na Verckys mwenyewe ana wimbo uitwao "Cheka Sana", jina ambalo halimhitaji mkalimani Kabalo wala Kigoma. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam wa miaka ya 1980 alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kulisikia domo la bata kila wiki kuliko kijana wa Kinshasa aliyezaliwa mwaka uleule.

Kiamuangana Mateta alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022, akiwa na miaka 78. Miaka minane kabla ya hapo lebo ya Ujerumani, Analog Africa, ilikuwa imekusanya kazi zake za 1969 hadi 1978 kwenye santuri mpya. Anayetaka kumjua aanze na hiyo: "Bassala Hot" kwanza kwa sauti ya juu, kisha "Cheka Sana", halafu atafute "Nakomitunaka" popote aipatapo. Na wazee wa Kabalo, Kongolo na Kalemie wenye santuri za Vévé chini ya vitanda wasiziuze kwa wanunuzi wa kupita kabla hazijanakiliwa, kwani si kila wimbo wa Vévé ulioingia kwenye mkusanyo huo.