Kikamuzi cha Maji

Mashua nyingi za matanga zinazovuka bahari kwa miezi hubeba mtambo ambao Kiswahili bado hakijaupa jina lililotulia. Mtambo huo huvuta maji ya bahari na kutoa maji baridi ya kunywa. Wapo wanaouita "kitengeza maji", na wapo wanaouita "kichujio cha chumvi". Jina la kwanza si la kweli, kwa kuwa maji yalikuwapo tangu awali. La pili lina hatari zaidi.

Chujio huzuia kilicho kikubwa kuliko matundu yake: mchanga, mwani, mayai ya samaki. Chumvi iliyokwisha kuyeyuka haishikiki kwa njia hiyo. Kinachofanyika ndani ya mtambo ni osmosisi kinyume. Osmosisi yenyewe wanafunzi wa biolojia wanaijua: tenga maji baridi na maji ya chumvi kwa kiwambo kinachopitisha maji na kuzuia chumvi, na maji baridi ndiyo yatakayohamia upande wa chumvi, kuuzimua. Ukitaka yaende kinyume, sharti uusukume upande wa chumvi kwa kanieneo inayoushinda mvuto huo. Kwa maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, mvuto huo unakaribia mara 27 ya kanieneo ya hewa. Mitambo ya mashuani husukuma kwa mara 55 hivi, vinginevyo maji yangetoka kwa matone.

Neno kiwambo linafaa sana hapa. Kuwamba ni kutandaza kitu na kukikaza, kama mafundi wa ngoma wanavyoiwamba ngozi. Shida ya kiwambo ilikuwa kwamba kikiwa kinene hakipitishi maji, na kikiwa chembamba hakihimili msukumo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza kiwambo chenye ngozi nyembamba mno juu ya mwili mnene wenye vinyweleo. Ngozi huzuia chumvi, mwili huibeba ngozi. Mwaka 1965 mji wa Coalinga, California, ulianza kusafisha maji yake ya chumvichumvi kwa njia hiyo.

Jina ninalolipendekeza kwa mtambo ni kikamuzi cha maji. Nazi iliyokunwa haitoi tui kwa kutiwa tu kwenye kifumbu. Hutoa inapokamuliwa, na nguvu ya mkono ndiyo kazi yenyewe. Tofauti ni kwamba machicha hubaki makavu, ilhali katika vikamuzi vingi vidogo kila lita 10 zinazoingia hutoa lita moja tu ya kunywa. Nyingine 9 hurudi baharini zikiwa na chumvi iliyozidi.

Fundi aliyeelewa kukamua atauliza mara moja nguvu itatoka wapi na mpira upi utaibeba. Kutoka kwenye vali ya kuingizia maji, iliyo chini ya usawa wa maji, hadi kwenye vichujio vya awali, vya maikroni 20 kisha 5, mpira imara wa kawaida unatosha, mradi usifyonze hewa. Baada ya pampu kubwa inayosukuma maji kwenye kiwambo, mpira na viungo vyote viwe vya kuhimili kanieneo kubwa. Vali ile ya kuingizia maji isiwe ya shaba yenye zinki nyingi, maana maji ya bahari hula zinki na kuacha kitu kinachovunjika kwa mkono, chini ya maji, mashua ikiwa na watu.

Aliyezoea kusema kichujio atauwasha mtambo katika bandari chafu, akiamini ndiyo kazi yake. Mafuta yakifika kwenye kiwambo, kimeharibika. Klorini nayo hukiua kiwambo cha poliamidi, aina iliyoenea leo. Kwa hiyo maji ya tangi yaliyojazwa kutoka bomba la mji, yakitumiwa kukisuuza, yapite kwanza kwenye kichujio cha mkaa. Kusuuza huko hurudiwa kila baada ya siku chache mtambo ukiwa umelala, la sivyo vijidudu huota humo.

Bomba la maji yaliyokamuliwa liwekewe vali ya njia tatu kabla ya tangi. Maji ya mwanzo humwagwa, na hayaelekezwi tangini mpaka kipimo kionyeshe chini ya miligramu 500 za chumvi kwa lita. Fundi akiiacha vali hiyo ili kuokoa nafasi, siku kiwambo kitakapopasuka tangi zima litaingia chumvi kabla ya mtu kuonja.